Mbwa Aliyeoshwa Mara Saba

Shangazi yangu wa Kisauni alikuwa ameniwekea kikombe changu peke yangu. Si kwa mapenzi. Kilikuwa kikombe cha bati kilichobanduka rangi ukingoni, na kilikaa juu ya dirisha la jikoni, mbali na vikombe vya watu. Nikija kumsalimu alinimiminia chai humo, akanitazama nikinywa, kisha akakichukua kwa ncha za vidole kama aliyeokota mjusi. Binamu zangu, ambao shule iliwashinda mapema, walinywea vikombe vya kaure.

Sababu ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Kampala, wa kwanza katika ukoo wetu kwenda mbali hivyo kutafuta elimu isiyokuwa ya dini, na ukoo mzima ulikuwa ukimsubiri daktari. Daktari wakampata; ila hawakuwa wameuliza ni daktari wa nani. Siku niliyoeleza mbele ya wazee kwamba natibu wanyama, mjomba mmoja alijaribu kuniokoa. "Yaani ng'ombe," akasema, akiwageukia wenzake. "Ng'ombe na mbuzi. Kazi ya halali." Nami, kwa kile kiburi cha mtu aliyepewa cheti juzi, nikamsahihisha: na mbwa pia. Wazee wakatazamana, mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Wangaliujua ukweli wote wangalinitilia chai kwenye kifuu. Maana miaka ile, tangu mwisho wa miaka ya hamsini mpaka bendera ilipobadilishwa, sikuwatibu mbwa wengi. Niliwaua.

Ofisi yetu ilikuwa Changamwe, nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, kimoja cha karatasi na kimoja cha sindano. Wazungu wa reli na wa bandari walikuwa wameanza kunusa mabadiliko, wakawa wanafunga masanduku mmoja mmoja. Walikuwa na utaratibu wao. Kwanza waliuza gari, halafu sofa, halafu walimpa mpishi kofia kuukuu, halafu walimleta mbwa kwetu auawe. Mbwa alikuja baada ya sofa na kabla ya mapazia.

Na wote walikuwa na neno moja: mbwa huyu ni mkali, hawezi kuachiwa mtu mwingine. Kweli alikuwa mkali. Alifunzwa ukali kama mtoto anavyofunzwa kusalimu. Kwa miaka alimrukia tarishi, akamrukia dobi, akamrukia muuza samaki, na nikipita njia ile akanirukia mimi na shahada yangu, asimguse hata mgeni mmoja wa wale waliokuja kunywa chai barazani. Miaka yote hiyo hakuitwa mkali. Aliitwa mlinzi mwema. Ukali wake uligunduliwa wiki ya kufunga mizigo.

Namkumbuka bibi mmoja wa Kizungu kutoka upande wa Port Reitz. Alikuja analia, leso puani, na nyuma yake mpishi wake amebeba mto wa mbwa, maana mbwa hakuwa na desturi ya kulala sakafuni. "Atateseka bila sisi," bibi akaniambia. "Hawapendi watu wa hapa, unaelewa." Nikamwambia naelewa. Kazi ilipokwisha akanishika mkono kwa huzuni, akamgeukia mpishi, akampa ukanda wa shingoni wa yule mbwa, uwe ukumbusho. Mpishi akaupokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, na mkono wa kanzu yake ukapanda kidogo. Kwenye kigasha palikuwa na kovu la meno, la zamani, limepona vizuri.

Bwana mkubwa wangu, Mzungu mwembamba aliyevuta kiko hata akiwa amemshika paka, alikuwa na falsafa fupi juu ya haya yote. "Mbwa ni mali ya mwenyewe," alikuwa akisema. "Mwenyewe akitaka afe, kazi yetu ni kuona hafi vibaya."

"Na kama mbwa hana kosa, bwana?"

"Kiti kina kosa gani ukikichoma moto?"

"Kiti hakiumi."

"Ndiyo maana hatukidungi sindano." Akacheka, akawasha kiko, akaona amenishinda. Nami nikaona hivyo hivyo. Chuoni nilikuwa nimeandika insha ndefu juu ya wajibu wa daktari kwa mnyama, na mwalimu akaisifu mbele ya darasa. Nikiisoma sasa naona kitu kimoja cha ajabu: insha nzima haimtaji mwenye mbwa hata mara moja. Nadhani niliamini mbwa huja wenyewe.

Sasa nimwingize tajiri wa Likoni, maana habari hii ni yake.

Alikuwa mtu wa ukoo wa zamani wa wafanyabiashara, ukoo wa mchele na mabati, wenye heshima mjini kabla ya reli kufika. Mzungu mmoja alipouza nyumba yake kule Likoni, juu ya jabali linalotazama mlango wa bandari, tajiri aliinunua na vyote vilivyomo: feni za darini, piano ambayo hakuna aliyejua kuipiga, mbwa mkubwa wa Kijerumani mwenye masikio wima, na mtunzaji wa mbwa. Mtunzaji huyu alikuwa mzee wa Mazeras, na kazi yake ilikuwa moja tu, mbwa. Yeye na mkewe walikaa katika chumba kimoja nyuma ya jiko. Alimchukia yule mbwa kwa uaminifu mkubwa. Alimlisha, alimchana, alimtoa kupe, na kwa kila kupe alimtukania mama yake.

Watu walimuuliza tajiri: Mwislamu kama wewe, na mbwa wa nini? Alijibu kwamba mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, na ni kweli ameruhusiwa. Lakini nyumba ile ilikuwa na kuta ndefu na geti la chuma, na watoto wa tajiri peke yao wangalitosha kumfukuza mwizi yeyote kwa kelele. Ukweli ni kwamba kwa Wazungu alikuwa ameona mambo matatu yaliyomkaa moyoni: saa kubwa ukutani, maua yasiyoliwa, na mbwa. Saa alikuwa nayo. Maua yalimfia. Akabaki na mbwa.

Hakumgusa kamwe. Kila alasiri walitoka matembezi, mtunzaji na mbwa mbele, tajiri nyuma kwa kanzu na bakora, kwa umbali wa kutosha kanzu isinajisike na ukaribu wa kutosha watu wajue mbwa ni wa nani. Mbwa mwenyewe hakujua ila Kiingereza. Kiingereza cha tajiri kilikuwa cha ankara na shehena. Kwa hiyo alimwamuru kwa sauti ya mtu anayedai mzigo uliochelewa forodhani, na mbwa akakaa chini mara moja. Hilo lilimpendeza tajiri kupita kiasi. Katika maisha yake yote hakuna Mzungu wala kitu cha Kizungu kilichowahi kumtii haraka namna ile.

Basi asubuhi moja akaja ofisini Changamwe, mkono wa kulia umefungwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko.

"Daktari," akasema, "mbwa kaniuma."

"Pole sana, ami. Kakuuma vipi?"

"Kwa meno."

"Nauliza ulikuwa ukifanya nini."

"Nilikuwa nimesimama. Kwangu. Mtu hasimami kwake?"

Nikamwangalia mkono. Jeraha lilikuwa dogo kuliko kitambaa. Alitaka mbwa afe kabla ya maulidi, na maulidi yalikuwa ya wiki ile ile: ya kwanza katika nyumba mpya, wageni wa heshima kutoka mjini, masharifu, walimu, wakubwa wa ukoo. "Mbwa aumaye dini imeruhusu auawe," akasema, akihesabu kwa vidole vya mkono mzima. "Serikali imeruhusu. Mzungu wako ndani kule nimemuuliza, karuhusu. Umebaki wewe. Wewe ni nani?"

Lilikuwa swali zuri. Nikachukua mkoba.

Kwenye feri nilikuwa na tabia moja ninayoionea haya hadi leo: nilivaa kile kifaa cha kusikilizia moyo shingoni, wazi, watu wakione. Siku ile mama mmoja mwenye kapu la muhogo akanieleza habari za tumbo lake tangu tunang'oa nanga mpaka tunagusa Likoni. Nikamsikiliza kwa uzito, nikamwambia anywe maji mengi. Aliniombea dua. Nikashuka nimejaa heshima, nikaenda kuua mbwa.

Nyumbani kwa tajiri nilimkuta mama yake amekaa kwenye kitanda cha kamba, katika ukumbi wa nyuma, sinia la tambuu pembeni. Alikuwa bibi mkubwa wa umri, mdogo wa mwili, na sauti yake haikuwa na habari na umri wala mwili.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Wewe ndiwe mwana wa watu aliyekwenda Kampala akarudi na sindano?"

"Ndimi."

"Haya. Kila mtu na riziki yake."

Mbwa alikuwa amefungwa chini ya mti wa mkungu uani. Nilimkaribia polepole, nikiwa nimeshika kinywa cha ngozi cha kumfunga taya. Hakunguruma. Alitetemeka. Nilipopiga magoti nikanusa kitu ambacho sijawahi kunusa kwa mbwa kabla wala baada: sabuni ya kufulia, juu yake marashi ya waridi, na chini ya yote hayo udongo mbichi. Ngozi yake tumboni ilikuwa nyekundu, imechubuka. Katikati ya vidole na ndani ya masikio alikuwa na udongo mwekundu uliokauka.

"Huyu amefanywa nini?" nikauliza.

"Amesafishwa," akasema tajiri.

Kutoka kitandani ikaja sauti ya kicheko kikavu. "Mwambiye daktari vile ulivyomuosha."

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali ya nini? Jana hukuwa na tafadhali. Daktari, sogea hapa nikwambiye mimi. Mwanangu huyu, ambaye babake alimlipia walimu watatu, kamuosha mbwa mara saba. Na moja kwa udongo."

Mtu yeyote aliyekulia pwani, aliyepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani hata kwa nusu mwaka, ameshaelewa. Wengine nawaeleza. Mbwa akilamba chombo, sahani au kikombe, chombo hicho huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo, ndipo kitumike. Chombo. Hata mtoto wa miaka sita anajua kinachooshwa ni chombo. Tajiri alikuwa amekumbuka saba, amekumbuka udongo, amekumbuka mbwa, akavijumlisha kama ajumlishavyo magunia. Aliona wageni wake watukufu watakuja na kanzu zilizopigwa pasi, na mbwa yuko uani, na pengine atajisugua kwa sharifu. Basi bora atoharishwe. Akavaa kikoi, akasimama na tasbihi kuhesabu yeye mwenyewe, na mtunzaji akamwagia.

Mtunzaji alikuwa amesimama pale pale na ndoo yake, akaona ni zamu yake kuongea. "Mara ya kwanza alifurahi, bwana daktari. Alidhani mchezo. Ile ya udongo ndiyo iliyomkasirisha. Mimi nikamwambia bwana, hii ya tano inatosha. Akasema, unataka kunipunja mbili?"

"Nyamaza wewe," akasema tajiri.

"Nimenyamaza, bwana. Ya saba ilipokwisha bwana akainama kutazama kama udongo umetoka masikioni. Akamvuta sikio."

"Mara ya kwanza kumgusa tangu kumnunua," akasema bibi. "Na mbwa naye akamgusa."

"Mama, huyu ni mnyama mkali!"

"Mkali! Wewe ulipokuwa mdogo nilikuosha mara moja tu kwa siku, na ukiniuma. Nilikupeleka kwa daktari akakudunge? Nilikupeleka?"

Tajiri akatazama bahari. Nilijishughulisha na masikio ya mbwa ili nisionekane nacheka, na nikiwa nimeinama hivyo mtunzaji akaja akachuchumaa karibu yangu, kama anayenisaidia kushika mnyororo.

"Bwana daktari," akasema kwa sauti ya chini, "huyu akifa, mimi nalala wapi?"

Sikumwelewa. Akanionyesha kwa kidevu. Mlango wa chumba nyuma ya jiko ulikuwa wazi, na ndani mwanamke mzee alikuwa amekaa juu ya kitanda kisicho na godoro. Godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba. Tajiri alikuwa ameshawaambia: mtunza mbwa bila mbwa hana kazi, na chumba kinatakiwa kwa masufuria ya maulidi.

"Mimi simpendi huyu," mtunzaji akasema, na kusema kweli alimtazama mbwa kwa chuki safi. "Namna anavyonisumbua, Mungu ajua. Lakini ndiye anayenilaza."

Hapo mtu wa insha angalisimama, akanyoosha kidole, akasema neno la kukumbukwa. Mimi nilifungua mkoba, nikatazama sindano, nikaufunga. Ningependa kusema nilikataa kwa dhamiri. Nilikataa kwa kanuni. Kanuni ya idara ilisema mbwa aliyemuuma mtu afungwe, aangaliwe kwanza, ijulikane kama ana kichaa cha mbwa, ndipo mwenyewe aamue la kufanya naye.

"Ami," nikasema, "nikimuua leo hatutajua kama ana kichaa."

"Msijue. Kuna hasara gani?"

"Tusipojua, itabidi wewe udungwe. Sindano za tumboni. Nyingi, moja kila siku."

Tajiri akajishika tumbo. Lilikuwa tumbo la miaka mingi ya biriani, amelilea kwa upendo, na niliona wazi kwamba mawazo yake yote juu ya dini na serikali na haki ya mwenye mali yalikuwa yameshuka mpaka pale.

"Na akiangaliwa akaonekana mzima?"

"Hakuna sindano."

"Mbona wa Wazungu unawaua papo hapo? Au kanuni ya kusubiri ni yetu sisi tu?"

"Mbwa wao hawakuwa wameuma mtu, ami," nikasema.

Nikajisikia nikisema. Mtunzaji naye akanitazama. Ndivyo ilivyokuwa, wallahi. Wenye mbwa walipoulizwa kama mbwa ameuma mtu walisema hapana, nasi tukakubali hapana, na nje pale mpishi amesimama na mto wa mbwa na kovu lake. Mbwa wao hawakuwa wameuma mtu. Walikuwa wameuma watumishi. Na mimi, mtoto wa pwani, msomi, niliitamka kanuni ile kwa sauti tulivu kama ninayeisoma kitabuni.

Basi mbwa akabaki amefungwa chini ya mkungu, godoro likafunguliwa kamba, na masufuria ya maulidi yakakaa uani juani. Na kwa kuwa mbwa alibaki, wageni walimwona. Na kwa kuwa walimwona, waliuliza. Na kwa kuwa waliuliza, bibi aliwajibu.

Sikualikwa, na kwa kazi yangu nisingalialikwa, lakini habari ilinifikia ikiwa bado moto. Maulidi yalisomwa vizuri. Baada ya chakula, mwalimu mmoja mwenye umri na heshima, aliyekuwa amemsomesha tajiri utotoni bila mafanikio, akaenda ukumbi wa nyuma kumsalimu bibi. Bibi akamsimulia kisa chote, pamoja na mbili zilizotaka kupunjwa. Wanasema mwalimu alicheka mpaka kilemba kikamwegamia sikioni. Kisha akarudi barazani kwa wanaume, akakaa, akanywa kahawa, akamuuliza mwanafunzi wake wa zamani kwa upole mkubwa:

"Mwanangu, nieleweshe. Kama mbwa ndiye chombo, aliyemlamba ni nani?"

Swali lile lilivuka na feri ya kwanza ya asubuhi. Kufika adhuhuri lilikuwa Kisauni, maana shangazi yangu mwenyewe aliniuliza. Kufika jioni lilikuwa kwa makuli wa Kipevu. Tajiri alipotoka matembezi, vijana walioketi ukutani walimwamkia kwa adabu zote, halafu mmoja akauliza, "Ami, leo mmefika ya ngapi?" Akiingia dukani kwake, mtu alikuwa akinunua sabuni. Watu ambao hawakuwa na haja ya sabuni walinunua sabuni.

Muda wa kumwangalia mbwa ukaisha. Alikuwa mzima, hana kichaa, hana chochote ila chuki ya ndoo, ambayo alibaki nayo maisha yake yote. Sasa kanuni ilikuwa imekwisha kazi yake na mimi sikuwa tena na pa kujificha. Tajiri akaja ofisini. Mkono ulikuwa umepona. Akakaa kwenye kiti cha wageni, bakora katikati ya magoti.

"Daktari, sasa nikitaka nina haki ya kumuua."

"Unayo, ami."

"Nikimuua watasema nini?"

"Watasema umemuua."

"La." Akatikisa kichwa. "Watasema nimemuua shahidi."

Akainuka, akanipa mkono wa kwaheri, akaenda zake. Mbwa akaishi. Hakuokolewa na falsafa ya Mzungu wangu wala insha yangu, na dini, ambayo ilikuwa upande wake tangu mwanzo, hakuna aliyeiuliza vizuri mpaka ilipokuwa mzaha. Aliokolewa na watu wa feri wasiokuwa na kazi. Nimesoma tangu wakati huo vitabu vingi juu ya haki za viumbe, vingine vizito kiasi cha kuzuia mlango usipigwe na upepo, na sijaona kimoja kinachotaja dawa hii ya kuogopa kuchekwa. Kwetu pwani nadhani imezuia mauaji mengi kuliko mahakama.

Uhuru ulipokaribia, kazi Changamwe iliongezeka. Asubuhi nyingine kulikuwa na foleni, mbwa mbele na machozi nyuma. Bwana mkubwa wangu naye akapata barua yake ya kurudi kwao. Alifunga vitabu vyake, akafunga viko vyake, na kile kiti chake cha mvule, alichokikalia miaka yote akinifundisha kwamba mbwa ni kama kiti, akakitengenezea sanduku la mbao, akakipakia melini. Mbwa wake akamleta kwangu.

"Amekuwa mkali siku hizi," akasema bila kunitazama.

Mbwa alikuwa amekaa juu ya kiatu changu.

"Utakaa naye, bwana, wakati namdunga?"

"Sipendi kuona," akasema, akatoka nje kusubiri. Nikafanya alivyonifundisha, mbwa hakufa vibaya. Mali zote ni mali, lakini zipo zinazopata sanduku.

Siku chache baada ya hapo ikaja salamu kutoka Likoni kwamba tajiri ananiita. Nikavuka. Mbwa alikuwa amelala pale pale chini ya mkungu, juu ya mkeka ulioraruka, mdomo umekuwa mweupe kwa uzee. Miguu ya nyuma ilikuwa imekufa. Tumboni alikuwa na uvimbe mgumu, mkubwa kama embe dodo, na nilipougusa hakuwa na nguvu hata ya kunionyesha meno. Kwa siku tatu hakuwa akila. Bibi alikuwa kwenye kitanda chake kile kile, mdogo zaidi, macho yamefifia. Mtunzaji alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma.

"Anaumia?" tajiri akauliza.

"Anaumia, ami."

"Sana?"

"Sana. Na hakuna dawa."

Akamtazama mbwa. "Nilikuomba hili zamani, ukakataa."

"Zamani aliyekuwa akiumia ni wewe."

Nikafungua mkoba, nikajaza sindano, nikanyoa manyoya kidogo mguu wa mbele ili nipate mshipa. Nikamwita mtunzaji aje ashike kichwa. Mzee yule, aliyemtukania mbwa mama yake kwa kila kupe miaka yote, akatikisa kichwa, akasema, "Mimi sishiki, bwana daktari," akageuka akaenda nyuma ya jiko. Tukamsikia akipenga kamasi.

"Lazima ashikwe?" akauliza tajiri.

"Lazima. Akitikisika nitakosa mshipa, na itamuuma."

Tajiri alitazama geti, kana kwamba kuna mtu anakuja ambaye ni kazi yake. Kisha akaegemeza bakora kwenye mti, akakunja mikono ya kanzu mpaka juu ya viwiko, akapiga magoti udongoni. Akamshika mbwa, mkono mmoja chini ya taya, mmoja juu ya kichwa. Alimshika vibaya, kama mtu anayeshika sufuria moto, lakini alimshika. Mate ya mbwa yalimtiririkia viganjani, hakuondoa mkono. Akamwambia kitu, polepole, kwa Kiingereza chake cha forodhani. Nadhani alimwambia akae chini. Nikadunga.

Mtunzaji alirudi na jembe, akachimba, tukamzika. Tajiri akachota konzi ya udongo kwenye kile kifusi, akaenda penye pipa la maji, akasugua mikono kwa udongo, akamwashiria mtunzaji amwagie. Akaosha mpaka viwiko, taratibu, midomo inahesabu.

"Ya ngapi hiyo?" bibi akaita kutoka kitandani.

"Ya saba, mama."

"Na udongo?"

"Ya kwanza."

"Alhamdulillahi. Babako hakutupa fedha zake zote."

Tajiri akajipangusa kwa kikoi. Mtunzaji alikuwa bado amesimama na ndoo tupu, na nyuma yake mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa ameanza kulikunja godoro. Mzee hakuuliza lolote. Alikuwa ameshauliza mara moja, kwangu, na hilo lilimtosha.

Tajiri akamwona, akauona mlango, akaona na kamba.

"Unangoja nini?" akamfokea. "Katafute mwengine."

Mzee akaitua ndoo chini. "Kama yule, bwana? Wa Kizungu?"

"Wa Mtongwe, wa popote. Asiyejua Kiingereza."

"Na huyo," akasema bibi, "msimuoshe."